Mstari wa Mikono Kwenye Matanga ya Kaka

Aibu hii nimekaa nayo tangu kiangazi, na leo naitoa yote, maana nimechoka kuingia dukani watu wakanyamaza, halafu nikitoka nasikia kicheko (na mimi mwenyewe, sisemi uongo, nikifika kona nacheka).

Mimi si msemaji. Kaka yangu Paskali alipofariki nililia kimya, nikapika kimya, wala sikufungua mdomo nilipomsikia jirani yetu Mama Resti akisema, "Marehemu alikuwa mchapakazi, ila kiburi, jamani! Mkono hakupi." Neno hilo liliniuma sana, kwa sababu lilikuwa kweli. Paskali hakupeana mkono na mtu. Pakitokea msiba alifika alfajiri, akachimba kaburi karibu peke yake, na waombolezaji wakianza kuingia yeye yuko njiani kurudi kwenye vitunguu vyake Mang'ola.

Sasa binti yake, Neema, wa miaka kumi na miwili, naye hashikiki mkono, na kelele zikizidi anaziba masikio. Wiki ile ya kumaliza matanga majibu yake ya kliniki yakatoka, na mwalimu wake hapa Karatu akanisomea neno moja refu: nyurodaivajenti.

"Atapona?" nikauliza.

"Dada, si ugonjwa. Kichwa chake kimepangwa kivingine tu."

"Na baba yake je?"

"Sikuwahi kumwona, siwezi kusema. Ila mara nyingi mambo haya hutembea kwenye familia."

Mimi nikabeba ile nusu ya mwisho, ile ya kwanza nikaiacha palepale mlangoni. Elimu yangu ni ya darasa la saba, lakini neno lile nilikwenda nalo njia nzima nikilitafuna kama muwa, moyo unaruka, kumbe kaka yangu hakuwa na kiburi, kumbe lina jina!

Siku ya matanga Baba mdogo Danieli, msemaji wa familia, akauliza kama kuna mwenye neno la mwisho. Nikanyoosha mkono (hapo ndipo nilipojimaliza). Watu wakageuka kama vile jiwe la kusagia limeongea. Nikapewa maiki, ile isiyo na waya.

"Paskali hakuwa na kiburi!" nikapiga kelele. "Alikuwa nyurodaivajenti! Na Neema pia!"

Mama Resti akadakia, "Yesu wangu! Wote wawili?"

"Wote wawili!" nikajibu kwa furaha, nikidhani tumeelewana.

Baba mdogo akavua kofia. "Ndugu zangu, huu ni msiba juu ya msiba. Tusimame kwa mstari tumpe mtoto mkono wa pole."

Nilitaka kusema hapana, lakini uwanja mzima ulishasimama. Neema alikuwa kando anapanga vifuniko vya sufuria kwa ukubwa. Mama Resti akawa wa kwanza, akamshika mikono yote miwili, na nyuma yake mikono imenyooshwa mpaka getini. Mtoto akachomoka, akaingia stoo ya vitunguu, akajifungia.

Nikamkimbilia, nikapiga magoti mlangoni. "Neema, ni mimi shangazi."

"Hukuniuliza."

"Nilitaka wajue baba yako hakuwa na kiburi."

"Baba alisema mkono wa mtu unamwasha kama upupu. Ndiyo maana alikuwa anatangulia kuchimba, awe ameshasaidia kabla mikono haijafika. Alikuwa ananiambia mimi tu."

Hapo nililia kwa sauti, mara ya kwanza tangu tumzike. Na kwa kutaka kumtuliza nikaharibu zaidi. "Hauko peke yako, mwanangu. Babu yako Danieli kila jioni anahesabu mbuzi mara tatu, ukimkatisha anaanza upya. Na Mama Resti hawezi kunyamaza hata akiwa na ugali mdomoni, nani ajuaye, labda naye ana neno lake."

Mlango ukafunguka kidogo, jicho moja likachungulia.

"Shangazi, hiyo maiki inawaka taa ya kijani."

Ndugu zangu, nilitamani kulala kwenye gunia la vitunguu nishonewe humo. Tulipotoka mstari ulikuwa palepale, ila mikono yote iko nyuma ya mgongo. Mama Resti analia. "Kaburi la mume wangu alilichimba yeye," alisema, "nami nikamwita mwenye kiburi." Baba mdogo akaja, akasimama hatua mbili mbali na Neema.

"Pole, mjukuu wangu."

"Asante, babu."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, usiseme usilolijua. Ni mara nne."

Sasa jina la kaka yangu limesafishika, lakini aliyelisafisha ni Neema, naye hakuombwa, na hilo sijisamehe upesi. Yeye mwenyewe alinisusia siku tisa. Nimeapa kwamba habari ya kichwa cha mtu mwingine sitaitoa tena, kwa maiki wala kwa mdomo mtupu, kabla sijamuuliza mwenyewe. Hata mkasa huu nilimsomea kwanza. Amekubali niwasimulie, ila amefuta mistari miwili.

Hiyo msiniulize.