Nilivyomwandika Bibi Kokugonza kwa Kiingereza

Niwaambie ukweli, nilijiona msomi. Juzi nilikuwa Isingiro kusajili wakulima wa kahawa, nikafika kwa Bibi Kokugonza, ambaye hajawahi kuolewa na shamba lake halina mfano. Nilipomwamkia shikamoo aliniuliza mimi ni mtoto wa nani, nikamtajia baba, mwalimu aliyenifundisha Kiingereza changu chote. Akaniletea kahawa ya kutafuna na kuongea Kinyambo tu, lugha ya huko. Nikaamua kwamba Kiingereza hakijui.

Basi kwenye fomu yake ya usajili, penye hali ya ndoa, nikaandika “spinster”, yaani mwanamke aliyekosa mume, nikacheka kimoyomoyo.

Bibi akavaa miwani, akaisoma fomu.

“Mwanangu,” akasema kwa Kiswahili safi, “zamani neno hili lilimtaja mwanamke asokotaye nyuzi, anayejilisha kwa mikono yake. Dharau waliliongezea baadaye, walipoona hana haja ya mume.”

Nikaomba radhi, nikashika kalamu nilifute.

“Liache, linanifaa. Baba yako nilimfundisha mimi neno hili darasani. Naona maana alikufikishia, historia akaisahau njiani.”