Pilau ya Mbuke Mbele ya Wakwe

Mbuke alikuwa mpishi wa harusi hapa Rujewa. Wazazi wake walitoka Usukumani wakifuata malisho. Ng'ombe wakaisha, yeye akabaki na masufuria. Mwaka mmoja wageni kumi na tisa walilazwa kwa kuharisha baada ya kula pilau yake kwenye sherehe ya kipaimara. Mzee Sosthenes, mzee wa kanisa, akashika kipaza sauti: "Mbuke, mama Budeba, ametulisha sumu." Kwa miaka miwili hakuna aliyegusa chakula cha mkono wake. Hata msibani alipewa vyombo tu, aoshe.

Kisha siri ikamshinda Eveline, mke wa Sosthenes. Alimwambia mchungaji kwamba nyama ya sherehe ile ilikuwa ya ng'ombe aliyekufa kibudu, na aliyeileta ni mumewe, akijua.

Jumapili iliyofuata Sosthenes alisimama kanisani. "Wapendwa, kama kuna yeyote aliyekwazika, naomba radhi. Tusonge mbele."

Mbuke aliinuka kule nyuma. "Kama? Kunichafua ulinitaja jina. Leo nimekuwa 'yeyote'?"

"Mama Budeba, tuyamalize kikubwa."

Mbuke alikaa, akangoja.

Alingoja miezi minane, mpaka Violet, binti wa Sosthenes, alipoolewa. Mchungaji alimwomba Mbuke apike, iwe alama ya upatanisho. Alikubali haraka mno. Mimi jirani yake nilishtuka.

Siku yenyewe, wakwe kutoka Iyunga wameshakaa, Mbuke alifunika masufuria yote, akabeba sahani moja hadi meza kuu.

"Baba wa bibi harusi aanze. Kisha awaambie wageni alinifanyia nini."

Sosthenes aliitazama ile pilau, jasho likimtoka. Aliogopa sumu kwelikweli, hata mimi niliona. Mbuke naye aliona, akatabasamu.

"Kula, Mzee."

Akala. Wali ukamwagikia suti. Akashika kipaza sauti. "Nililisha watu kibudu. Nikamsingizia Mbuke, huku nikijua hana kosa."

Violet akaangua kilio mbele ya wakwe zake. Mbuke akaenda kufunua masufuria, akapakua.

Jioni Sosthenes alimfuata jikoni. "Umenisamehe sasa?"

"Nimekusikia," alisema, akiendelea kukwangua ukoko.

Siku hizi anaitwa kupika hadi Ruaha Mbuyuni. Violet hamsalimii. Nilimuuliza Mbuke kama hilo linamuuma.

"Linaniuma sana," alisema. "Lakini ningerudia."