Pikapu ya Sauti ya Chini

Miaka ya tisini, pikapu ya gitaa langu, kile kidude cha sumaku kinachonasa mlio wa nyuzi, ilikufa. Mkuu wa bendi yetu ya harusi akashikilia kufuatana nami Mji wa Kale kuchagua nyingine. Yeye alipiga kinanda, na hakuwahi kunipenda. Njia nzima tuliulizana hali za wazazi, za watoto, mpaka za majirani. Kwetu Mombasa watu wakichukiana, salamu huwa ndefu zaidi.

Fundi wa redio alikuwa nazo mbili. Aliziunga kwenye spika, akazigonga kwa bisibisi moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilijaza duka zima. Ya pili ilikohoa tu.

"Hii ya pili yamtosha," mkuu alimwambia fundi kwa upole, kana kwamba mimi sipo. "Harusini watu waja kusikiliza maneno."

"Haya, mwalimu," nikasema. Ikafungwa hiyo.

Tangu hapo, kila wimbo alioutunga yeye nilipitisha vidole juu ya nyuzi bila kuzigusa. Mwaka mzima hakujua. Nilimcheka moyoni, mpaka siku nilipotambua kwamba hata wanawake waliokuwa wakicheza mbele yetu hawakujua.