Kopo la Dawa ya Pamba

Dawa ya pamba inanuka kama kitunguu saumu kilichooza. Mpaka leo, jirani akianza kunyunyizia shamba lake hapa Nkoma, mimi siwezi kukaa. Nafagia mahali nilipokwisha kufagia, natoka nje, narudi ndani. Harufu hiyo inanirudisha kwenye msimu mmoja nilipokuwa darasa la tatu. Baba alikuwa na bomba mgongoni, akinyunyizia. Mayu, ndivyo tunavyomwita mama, alikuwa akipalilia upande wa pili. Mimi nilimwangalia mdogo wangu Masanja, mwenye miaka mitatu, kwenye kivuli cha mkokoteni. Masanja akalilia maji. Kikombe tulikuwa tumekisahau nyumbani, na karibu yangu palikuwa na kopo ambalo Baba alipimia dawa. Nililisuuza mara mbili, nikaona limetakata, nikamchotea maji. Akanywa yote, akaomba mengine.

Kabla ya saa sita mate yalikuwa yakimchuruzika, anatapika, macho yamejaa machozi na yeye halii. Mayu akampakata kwenye bodaboda, nami nikapanda nyuma yao, kwa sababu Mayu hakujua Kiswahili zaidi ya salamu, na daktari wa kituo cha afya alikuwa mgeni kutoka Tanga. Njia nzima nilitaka kuruka nikimbie.

"Amekula nini leo?" daktari akauliza. Nikamuuliza Mayu kwa Kisukuma.

"Mwambie uji na viazi. Mwambie ni malaria, hata mwaka jana ilimshika."

Nikasema hivyo. Daktari akamtoboa kidole, akapima. Malaria haikuwepo. Akamfunua kope, akamtazama macho kwa muda mrefu.

"Amekunywa nini? Amegusa nini? Muulize mama vizuri."

"Maji tu!" Mayu akajibu. "Kwani huyu ni daktari au mwalimu? Maswali hayaishi, na mtoto anakufa mkononi mwangu!" Mwanamke mmoja aliyekaa kwenye benchi mlangoni akaguna.

"Maji," nikasema.

Daktari akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu. "Wewe mkalimani, mama amesema maneno mengi, umenipa moja."

Vidole vya miguu yangu vilikuwa vinachimba sakafu. Ndipo nikakumbuka kwamba Mayu haelewi Kiswahili. Nikasema haraka, nikitazama ukuta: "Nilimpa maji kwenye kopo la dawa ya pamba. Ni mimi."

Mayu alinitazama mdomo, akamtazama daktari, akasubiri. Daktari alikuwa amekwisha simama, anamwita muuguzi kwa sauti. Walimvua Masanja nguo, wakamwosha kwa sabuni, wakamchoma sindano, baadaye nyingine, na nyingine. Alasiri mate yakakatika, akalala, kifua kinapanda na kushuka sawasawa. Daktari akanishika bega. "Ulichelewa, lakini umesema. Ukifika nyumbani, mweleze mama wewe mwenyewe."

"Anasemaje?" Mayu akauliza.

"Anasema atapona."

Sasa Masanja amenizidi urefu, na ananiita Bubu kwa sababu siongei mbele za watu. Mayu alikuja kujua kwamba ilikuwa dawa ya pamba, lakini anaamini mpaka leo kwamba Masanja aliichezea chupa mwenyewe wakati yeye Mayu anapalilia. Kila msimu wa kunyunyizia anajilaumu kwa sauti kwamba alimpa kisogo mwanawe.

Siku hizi Mayu ana presha, na mimi bado ndiye mkalimani wake. Kabla ya kwenda naandika kwenye karatasi, polepole, yote ya kumwambia daktari: anaumwa wapi, tangu lini, ametumia mizizi gani. Mwezi uliopita alisema, "Mwambie vidonge nameza kila siku." Nikamwambia daktari kwamba akijisikia nafuu anaviacha, kisha nikamgeukia Mayu nikamweleza nilichosema. Alinifinya mkono. Tukiwa njiani akacheka, "Wewe siku hizi huwafichi madaktari kitu!"

Nikamwambia ni kweli, madaktari siwafichi. Pembeni mwa njia mtu alikuwa akinyunyizia pamba yake. Mayu akaanza tena kujilaumu. Nikaongeza mwendo. Ukifika nyumbani, alisema yule daktari. Nyumbani nimeshafika mara nyingi sana.