Gari Jipya na Miguu Yangu

Nilistaafu unesi nikiwa na miaka sitini, na katika maisha yangu yote sikuwahi kumiliki kitu kikubwa ambacho hakikuwa cha mtu mwingine kwanza. Kitanda chetu cha ndoa tulikinunua kwa mwalimu aliyekuwa anahama. Baiskeli ya marehemu mume wangu ilikuwa na jina la mtu tusiyemjua, limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye fremu. Hata sare yangu ya kwanza ya kazi niliikuta na kiraka kwapani. Sisemi hivi kwa kulalamika. Ndivyo tulivyoishi wengi huku Mbaha, kando ya ziwa, na mtumba mzuri ni mtumba mzuri. Nasema ili mtu aelewe kwa nini, kiinua mgongo kilipoingia, mimi mwenyewe, bila kushurutishwa na mtu, nilisema nataka gari jipya.

Mwanangu wa kwanza, anayefanya kazi Dar es Salaam, alidhani simu inakatakata.

"Mama, watu wote wananunua yaliyotumika Japani. Hata mabosi wangu. Kwa hela hiyo unapata gari kubwa la kupanda milima."

"Sitaki kubwa. Nataka ambalo hajalikalia mtu."

Akacheka, na nikasikia kwenye kicheko chake kwamba amefurahi. Akasema kikipungua chochote ataongeza yeye, na kweli akaongeza. Dada yangu mkubwa, anayelima kahawa kwetu Mbuji, ndiye peke yake aliyenipinga waziwazi. "Paa lako linavuja," alisema, "na wewe unakwenda kununua paa la kutembea." Nilimwambia paa la nyumba nimelizoea.

Dukani Dar es Salaam muuzaji alizungumza na mwanangu muda wote. Alimfungulia boneti, akamweleza habari za injini, akamuuliza angependa rangi gani. Mimi nilikuwa nyuma yao na mkoba wangu mapajani, nimekaa kwenye kiti cha wageni. Mwanangu akamwambia, "Mnunuzi ni mama." Kijana wa watu akaona haya, akaniletea soda, na tangu hapo akawa ananiita "bosi". Nilipoingia ndani ya gari na kuufunga mlango, kelele zote za barabarani zikakatika. Viti vilikuwa bado vimefunikwa nailoni. Kulikuwa na harufu ambayo sikuwahi kuinusa popote, harufu ya kitu ambacho hakijawahi kuwa na taabu za mtu. Nililia kidogo, nikamwambia mwanangu ni vumbi.

Tulisafiri siku mbili, tukapita Njombe, Songea, Mbinga, halafu tukateremka ziwani. Padre alikuja kulibariki gari siku ya pili yake. Akina mama wakapiga vigelegele, wazee wakalizunguka wakiligusagusa kwa ncha za vidole. Nilijifunza udereva Mbinga, nikapata leseni, mwanangu akarudi kazini kwake. Hadi hapo kila kitu kilikuwa kizuri.

Jumatatu ya kwanza nikiwa peke yangu nilijifunga kitenge, nikachukua kikapu, nikatoka kwenda mwaloni, pale mitumbwi inapoteremsha samaki, kununua usipa, wale dagaa wa ziwani. Ni mwendo wa robo saa. Nimeutembea mwendo huo tangu nilipoolewa huku.

"Shikamoo mama nesi," alinisalimia jirani mmoja aliyekuwa anapalilia mihogo yake.

"Marahaba."

"Gari limepata nini?"

"Halijapata kitu. Natembea tu."

Akaniangalia kama mtu anayefichwa ugonjwa. "Haya mama, pole," akasema.

Kabla sijafika mwaloni nilikuwa nimepewa pole na watu wanne. Mmoja aliniuliza kama mwanangu amelichukua. Mwingine alitaka kujua kama ni kweli magari mapya yanauzwa na hitilafu ndani yake. Na yule mama anayeniuzia usipa, ambaye miaka yote alinipimia kisado kisha akaongeza kiganja kimoja juu, siku hiyo alipima akaishia pale pale. Nilisubiri mkono wake urudi. Akacheka, tena bila ubaya wowote, akasema, "Wewe sasa ni wa kuongezwa?"

Jioni hiyo nilijiambia watazoea. Hawakuzoea. Nilipotembea waliniona mtu mwenye shida anayejikaza, na shida yangu ikawa habari ya kijiji. Nilipokwenda kwa gari hawakusema chochote. Kwa hiyo nikaanza kwenda kwa gari, hata mwaloni, hata dukani kununua kiberiti, nikilitoa uani kwa kurudi nyuma kwa uangalifu mkubwa, kwa safari ambayo mtu angeimaliza kwa miguu kabla sijageuza.

Kilichoniuma zaidi ni jirani yangu, mjane kama mimi. Tulikuwa tumetembea pamoja kwenda kanisani kila Jumapili kwa zaidi ya miaka ishirini. Mambo yetu yote tuliyasemea njiani: waume wakiwa hai, waume wakiugua, watoto, wakwe. Jumapili ya kwanza baada ya mwanangu kuondoka nilimpitia kwa miguu kama kawaida. Alikuwa amesimama uani kwake na gauni lake jeupe.

"Gari liko wapi?" akaniuliza.

"Twende tu kwa miguu."

"Ili waseme umeninyima lifti? Kalilete."

Nikarudi nikalileta. Akakaa kiti cha nyuma, wima, viatu kavishika mkononi asichafue. Nilimwambia aje mbele akasema hapo panatosha. Tukafika kabla hatujaanza kuzungumza. Jumapili ya tatu alisema ataondoka mapema kwa sababu ana kazi ya kupanga maua kanisani, na ya nne vilevile. Siku hiyo nilimkuta njiani peke yake. Nilipunguza mwendo. Alinipungia mkono, akajitoa barabarani, akasimama kwenye majani akiwa ameziba pua kwa kanga hadi vumbi langu lipite. Nilimwona kwenye kioo akirudi barabarani.

Kisha wakaanza kuja kuomba gari, kwa harusi, kwa mgonjwa, kwa mgeni anayetoka Mbamba Bay. Siwalaumu. Zamani pia walikuwa wanakuja mlangoni kwangu saa zote, lakini walikuwa wanasema, "Mama nesi, tunaomba uje."

Alasiri moja alikuja mama mmoja anayekaa karibu na zahanati, anatweta. Mkamwana wake alikuwa na uchungu tangu asubuhi, na zahanati walikuwa wamempa barua ya kwenda hospitali Liuli kwa sababu mtoto ni mkubwa. Nikageuka kuingia ndani kuchukua mkoba wangu wa kazi, ambao sikuwa na moyo wa kuutupa.

"Mkoba wa nini, mama?" aliniuliza. "Sisi tunaomba gari tu."

Niliuchukua hata hivyo. Nikamlaza yule binti kiti cha nyuma, mama mkwe wake akakaa miguuni kwake, nikashika usukani. Hapakuwa na mtu mwingine pale anayejua kuendesha.

Mwanamke akiwa na uchungu hutoa sauti moja, na akianza kusukuma hutoa nyingine. Nimezisikia sauti hizo miaka thelathini na zaidi, siwezi kuzikosea. Ile ya pili niliisikia tukiwa kwenye mteremko, changarawe inateleza chini ya matairi, upande mmoja mwamba na upande mwingine korongo linaloshuka hadi majini. Kusimama pale kulikuwa kujiua sote watatu. Nikasema, "Usisukume, mwanangu. Hema. Hema kama unapuliza moto." Nikamwambia mama mkwe aangalie, aniambie anaona nini.

"Naona nywele," akasema.

Mikono yangu inajua kazi hiyo kuliko inavyojua kitu kingine chochote duniani, na ilikuwa imeshika usukani. Nilikuwa nimefungwa mkanda, macho barabarani, nikitoa maelekezo kwa kioo kidogo ambacho ndani yake niliona goti tu na pembe ya kanga. Nilimwambia asivute. Nilimwambia aweke kiganja chini ya kichwa, aache kijigeuze chenyewe. Sijui kama alinisikia. Mteremko ule ni mfupi, lakini siku hiyo haukuisha.

Mtoto alilia kabla hatujafika chini. Niliposimamisha gari palipo sawa, nikahangaika na kitufe cha mkanda, nikazunguka na kufungua mlango wa nyuma, kila kitu kilikuwa kimekwisha. Wa kiume, mzito, mzima. Nilifunga kitovu kwa uzi wa kwenye mkoba wangu, nikakikata, nikasubiri kondo, nikaangalia damu. Damu ilikuwa ya kawaida. Nikamshika yule binti shavu nikamwambia ameweza. Midomo ilikuwa imemkauka. Akaangalia kiti alicholalia, akaniangalia mimi, akasema:

"Nisamehe mama. Nimekuchafulia gari."

Kabla sijamjibu, mama mkwe alikuwa ameshaanza kufuta nailoni ya kiti, na alikuwa anafutia kanga safi iliyoletwa kwa ajili ya mtoto. Nilimnyang'anya kanga ile nikamfunika mtoto. Sikuwa na upole nilipofanya hivyo, na nadhani walielewa vibaya. Nikarudi kwenye usukani, nikawafikisha hospitali.

Wanawake wameniuma mikono wakizaa. Wamenitukana mimi na waume zao kwa lugha zote za huku, wamenitapikia, mmoja alinipiga teke la kifua. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba radhi, na sikuwahi kutegemea, kwa sababu saa ile mwanamke hamwombi mtu radhi. Huyu wa kwanza kuniomba, radhi yenyewe alikuwa anakiomba kiti.

Baada ya siku mbili baba wa mtoto alikuja na kuku, ndoo na sabuni, akasema amekuja kuosha gari. Nilimwambia limeshaoshwa. Akainamisha kichwa. Akasema, "Mama, ukikataa tutajua una kinyongo." Nikakaa kwenye kigoda barazani nikamtazama mtu ambaye mke wake ana mtoto wa siku mbili akisugua matairi ya gari safi.

Alipoondoka nilichukua mkasi nikakata nailoni yote, viti vyote, nikaichoma moto. Nilidhani nimelipunguzia gari heshima. Tangu siku hiyo watu wakiingia hutandika kwanza kanga zao ndipo wakae.

Niliamua kuuza. Alikuja mnunuzi wa kahawa kutoka Mbinga, mtu wa maana, akalizunguka gari mara mbili, akataja bei iliyokuwa nusu ya niliyolipa.

"Bado ni jipya," nilimwambia.

"Lilikuwa jipya dukani, mama. Likishatoka mlangoni ni mtumba kama mengine."

Nilimpigia simu mwanangu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mama, ukiuza watasema mimi ndiye niliyeshindwa kukutunza," akasema. "Nimeshawaonyesha kazini picha zako ukiwa na gari. Naomba usiuze. Kama ni mafuta nitakuwa natuma."

Sikuwa na hasira naye. Alikuwa ameweka akiba yake humo, na furaha yake pia. Na mimi ndiye niliyesema nataka ambalo hajalikalia mtu. Nikamwambia basi, sitauza.

Sasa nina mwaka wa tatu nalo. Kitu kimoja nimekigundua, na sijamweleza mtu zaidi ya dada yangu. Gari likiwa gereji, ninaruhusiwa kutembea. Mtu akiuliza liko wapi, namjibu liko sevisi Mbinga, naye anaridhika. Kwa hiyo nalipeleka kila baada ya miezi mitatu, hata kama halijakwenda popote. Nikishamkabidhi fundi funguo, napanda pikipiki hadi njia panda ya Mbuji, nashuka hapo, na sehemu iliyobaki naimaliza kwa miguu, polepole, nikisalimiana na watu kwa Kimatengo cha utotoni mwangu. Huko mimi ni mdogo wake fulani tu. Nakaa kwa dada, namsaidia kuchuma kahawa, napanda na kushuka kwenye ngolo, yale matuta yenye mashimo tunayolima mahindi mlimani, hadi magoti yanauma kwa namna ninayoipenda.

Mara ya mwisho fundi alinipigia simu siku ya tatu.

"Mama, gari lako tayari tangu juzi."

"Umekagua breki?"

"Nimekagua. Hili gari bado jipya mama, halina kitu."

"Kagua tena. Nitakuja Jumamosi. Gharama ya kulilaza hapo utaniambia."

Dada yangu alikuwa karibu, anaanika kahawa kwenye kichanja, anachagua mbovu kwa vidole. Hakuinua kichwa.

"Unamlipa mtu akutunzie gari lako lisilo na ubovu," alisema.

"Ndiyo."

"Na Jumamosi utalifuata."

"Nitalifuata."

Alichaguachagua, akatupa punje mbili tatu kwa kuku. "Ungekaa hadi Jumatatu," akasema. "Kuna misa ya vijana Jumapili, wanaimba vizuri. Tungekwenda kwa miguu."

Nilimwambia sitaweza, kwa sababu sevisi haifiki Jumapili, na huko ziwani wasipoliona gari nje ya kanisa watajua kuna jambo. Jumamosi asubuhi nilishuka Mbinga. Fundi alikuwa ameliosha likang'aa, akalisimamisha mbele ya gereji liangalie njia ya ziwani. Alinisalimia kwa heshima, akanifungulia mlango, akasubiri nikae vizuri, kisha akaufunga kwa nje.