Mjomba ameacha kula kwa sababu ya sentensi yangu

Sentensi moja tu ya riwaya yangu, na mjomba ameacha kula.

Riwaya ni ya Uluguru, miaka ya hamsini. Leo nimemsomea mwanzo, nyumbani kwake Mafiga:

"Baba alipofariki, aliniachia shamba lake la mlimani."

Mimi nilitaka mwanzo mtulivu. Ukungu, migomba, basi.

Mjomba akarudisha tonge kwenye sahani.

"Shamba lake? Si la ukoo wa mama yake? Kwetu Waluguru ardhi hurithiwa upande wa mama, baba hamwachii mwanawe. Wenyewe wako wapi?"

Nikamwambia wanakuja ukurasa wa tatu.

Uongo. Hawakuwemo kabisa.

Akavuta kiti. "Haya, soma. Hapo patawaka moto."

Waluguru wenzangu, na nyie mngesikia ugomvi hapo?

Maana mstari siufuti. Naandika upya riwaya iliyobaki.