Jina Lililokataliwa Kiabakari

Dada yangu alipofungua chumba chake cha kompyuta pale Kiabakari, alianza na ukuta. Nyaya hazijavutwa, tayari alishapaka rangi nyekundu kwa herufi kubwa: MAZOEZI YA KIDATO CHA NNE, ANDIKA "MITIHANI". Mimi kaka yake, fundi kutoka Kitaji, nikaachiwa kazi ya kuifanya rangi ile iseme kweli.

Kompyuta nilizipa Linux, mfumo wa bure wa kuziendesha, na maswali nikayaweka kwenye seva, kompyuta chakavu ya kuzigawia nyingine, nyuma ya pazia. Mwanafunzi akiandika hilo neno, kompyuta yake ilipaswa kuiuliza seva yetu: mwenye jina hili yuko wapi? Nani wa kuulizwa huandikwa kwenye faili dogo liitwalo resolv.conf. Nikaandika namba ya seva, jina likafunguka, tukanywa soda.

Umeme ukakatika. Uliporudi, faili lilikuwa na namba ya ruta, kile kisanduku cha kuletea intaneti, ambayo haimjui "mitihani" wala mjomba wake. Nikaandika upya, ukakatika tena, yakawa yale yale. Juu ya faili kulikuwa na mstari wa Kiingereza ambao kila mara niliufuta nikidhani ni uchafu. Hasira zangu haziko mbali. Ile ruta niliitukana kimoyomoyo tu, kwa sababu mama alikuwepo.

Mama alikuwa amekuja kutoka nyumbani Butiama kusaidia kulea, maana dada alikuwa na kichanga. Kesho yake, Jumamosi, mwalimu angeleta darasa lake zima.

"Kaka, wakikuta patupu wataenda Bunda, na hawarudi," dada aliniambia. Alikuwa ameacha genge lake la samaki kwa ajili ya chumba hiki. Niliogopa kumtazama.

Siku hiyo mtoto naye alilia tangu asubuhi. Hakutaka kunyonya wala kubebwa.

"Mtoto akilia hivi anakuwaga amekataa jina," mama akasema.

"Si tumwite hivyohivyo mpaka azoee?" nikauliza.

"Utabishana na mtoto mpaka lini? Jina unaendaga kulisemea kwa waliolitoa."

Akawapigia simu wakwe wa dada kule Bunda, ndio waliompa mtoto jina la kwanza. Wakaulizana habari za ng'ombe na mvua, kisha wakakubaliana mtoto achukue jina la marehemu baba yetu. Mama akamtamkia sikioni, naye akanyamaza. Mimi nilimsikia pia akicheua, lakini nani angenisikiliza?

Nikarudi kwenye faili langu, kidole kikiwa tayari kuufuta ule mstari. Nikausoma kwa mara ya kwanza. Ulisema faili limeandikwa na NetworkManager, programu inayosimamia mtandao ndani ya kompyuta. Kumbe muda wote nilikuwa nabishana na mtoto! Nikacheka peke yangu, nikaenda kwa mtoa jina: nikaiagiza programu ile ipuuze namba inayoletwa na ruta, ishike ya seva yetu. Nikafanya hivyo kompyuta moja baada ya nyingine, kisha nikazima swichi kuu kwa mkono wangu. Dada akapiga yowe. Nikawasha, nikafungua faili. Namba yetu ilikuwa palepale.

Asubuhi wanafunzi waliingia wakisukumana. Msichana mmoja akatazama ukuta, akaandika, akapaza sauti, "Imefunguka!" Dada akacheka huku anafuta machozi kwa khanga. Sijawahi kuupenda ukuta kiasi kile.

Mama akapiga vigelegele, akatoka nje na mtoto. Nikamsikia akiita jina la baba, kwa sauti ileile aliyokuwa akimwitia zizini: "Njoo uone watoto wako wanavyofanya kazi!"

Nikageuka upesi kutazama barabara ya Butiama.

Mama akaniona. "Huku," akasema, akimnyanyua mtoto juu. "Siku hizi anakaa huku."